Ongeza Tano

Hapana, Kaka, hakuwa mchoyo. Mchoyo ni mtu aliye na kitu akakuficha. Nilikwambia hivyo tukila mchana huu ukanicheka, ukasema, "Sasa mwalimu gani anaulizwa swali na yeye anauliza swali? Mimi nimekaa kwenye ua ule tangu nina meno ya utoto. Sijawahi kutoka na jibu hata moja la bure." Halafu ukapiga teke pikipiki yako ukaenda kutafuta abiria, ukaniacha na maneno mdomoni, kama kawaida yako. Ndiyo maana naandika. Humu huwezi kunikatiza.

Nianze na kilichotokea leo. Mwalimu ameondoka. Binti yake alikuja kumchukua, wakapanda basi la Mwanza asubuhi pale Kayanga. Macho yake yameingia ukungu, wanasema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji. Binti amesema hata akipona harudi tena kukaa peke yake hapa Kanoni. Na kesho ni Jumamosi. Watoto watakuja na homuweki zao kwenye ua wa Mwalimu kama kila Jumamosi. Mdogo wangu Jene atakuwa wa kwanza, maana yuko darasa la saba na hesabu za sehemu bado zinamtoa jasho. Watakuta mlango una kufuli.

Mama anataka nikae nao mimi. Nimeshamwambia hapana, na nimemwambia kwa adabu na bila adabu. Wewe unasema watoto warudi majumbani kwao, una simu kubwa, mtoto akija na swali analipiga picha, simu inatema jibu, kwisha. Mimi nimechoka. Wiki nzima nimepalilia kibanja chetu cha migomba, nimegeuza kahawa kwenye mikeka, mvua ikitishia nimeziingiza, jua likitoka nimezitoa. Halafu kuna Fizikia yangu. Narisiti mtihani wake mara ya pili, bila kuipata siendi chuo cha uuguzi. Nikiwabeba na watoto wa kijiji, nitasoma saa ngapi? Hilo ndilo swali la leo, na hakuna wa kulipiga picha.

Huku kwetu walimu ni wengi, lakini ukisema "Mwalimu" tu, bila kuongeza kitu, kila mtu anajua ni yule. Alistaafu mimi nikiwa mdogo, na baada ya kustaafu hakuacha. Nyumba yake iko chini ya kanisa la Kilutheri, migomba imeisogelea mpaka inagusa bati. Ua uko nyuma, jirani na jiko. Tulikaa juu ya majani makavu ya migomba, na ubao ulikuwa mlango wa zamani aliouegemeza ukutani kwa ubavu. Mlango ule bado ulikuwa na tundu la kitasa. Hesabu ndefu ikifika kwenye tundu, namba iliruka ikatua upande wa pili, na mtoto mgeni alidhani ndivyo hesabu zinavyoandikwa. Yuko mmoja aliyeenda shuleni akaacha nafasi katikati ya kila hesabu. Mwalimu wa shule alipomuuliza ni nini, akajibu, "Ni pa kitasa."

Ukifika unasema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Soma swali."

Hakuuliza kwanza habari za nyumbani. Kwa mtu wa huku hilo ni jambo kubwa, maana sisi salamu tu zinaweza kumaliza nusu saa. Mama yake Jene, yaani Mama yetu, alikuwa anakasirika. "Mtu gani haulizi hata mgonjwa wetu?" Lakini jioni, watoto wakishaondoka, Mwalimu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake, anauliza za nyumbani zote alizozilimbikiza mchana. Anauliza mgonjwa, mbuzi, ukuta ulioanguka. Anakaa mpaka mwenye nyumba anaanza kupiga miayo.

Unasoma swali. Ukimaliza anasema, "Soma tena."

Unasoma tena. "Umeambiwa nini?"

Unasema.

"Unatafuta nini?"

Hapo ndipo watoto wengi walinyamaza. Tulikuwa tumekuja tukiwa tumeshaanza kujumlisha. Tukiona namba mbili kwenye swali, mkono unajumlisha wenyewe, na ikitokea ya pili ni ndogo, unatoa. Yeye alitufunga mikono. Hakuna kushika chaki mpaka useme unatafuta nini, kwa maneno yako. Ukishindwa kwa Kiswahili, sema kwa Kinyambo, ilimradi useme. "Fikiri kwa lugha ya mama yako, mtihani utajibu kwa lugha ya serikali," alikuwa anasema. Na kweli ilitusaidia mpaka darasa la saba. Kidato cha kwanza nikakuta maswali yale yale yamevaa Kiingereza, na hapo hakuna wa kuniambia soma tena. Ningesoma mara mia, ni yale yale. Lakini hayo ni ya kwangu, nitayaandika siku nyingine nikiwa na nguvu za kukasirika.

Kitu kingine kilichotuchosha ni "nini". Ukisema jibu ni kumi na mbili, anauliza, "Kumi na mbili nini?" Kaka, wewe umesahau au unajifanya? Mimi nakumbuka, nilikuwa mdogo nimekaa mapajani kwa mtu. Ulisimama mbele ya mlango ule umevimba kifua, ukasema, "Kumi na mbili tu."

"Tu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kumi na mbili tu."

"Haya. Kimbia dukani, mwambie mwenye duka nimekutuma unichukulie kumi na mbili tu."

Ukakimbia. Tukaona vumbi lako tu. Ukarudi unahema. "Mwalimu, mwenye duka anauliza kumi na mbili nini?"

"Na mimi ndicho ninachouliza hapa tangu asubuhi."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Wewe ulilia, halafu ukaandika "mikungu 12" kwa herufi kubwa kuliko zote. Mpaka leo abiria akikwambia "niko karibu tu", unamuuliza karibu na nini. Hilo umelitoa wapi, kama siyo kwenye ua ule?

Sisemi alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mambo yake yanayopingana, na sisi watoto tuliyaona yote, maana mtoto akishachoka na hesabu anaanza kumkagua mwalimu. Alitufundisha radi ni umeme, akachora mawingu kwenye mlango, chanya huku, hasi kule, wala hakuna mtu anayetumiwa radi na jirani. Mvua ya kwanza ikinguruma, mbio anaingia ndani anafunika kioo kwa kanga. Tukimuuliza, anasema, "Kioo ni changu, si cha sayansi." Alikataza kuhesabu kwa vidole. Lakini mimi nilikuwa nakaa karibu naye, na niliona vidole vyake vikitembea chini ya kanga, kimoja baada ya kingine. Nikadhani anasali.

Na kahawa. Hizo kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, alizifunga kwenye pindo la kanga. Swali likiwa jepesi alitafuna pale pale. Swali likiwa gumu, alipapasa pindo, akasema, "Zimekwisha. Endeleeni, naenda kuchukua kahawa." Akaingia ndani, akakaa. Tukabaki tunasukumana na swali lenyewe, huyu anasema gawanya, yule anasema kwanza zidisha. Akirudi anatafuna taratibu, anaangalia mlango, hasemi ndiyo wala siyo. Anamwangalia mtoto ambaye hajasema kitu. "Wewe unaonaje?"

Tulisema hiyo ni mbinu yake. Kwamba anajua, anatutega tu. Mtoto mmoja alikuwa anaapa kwamba alichungulia dirishani akamwona Mwalimu amekaa kitandani, mikono magotini, hana kahawa wala nini. Tulimwambia aache uongo.

Swali ninalolikumbuka kuliko yote ni la mabomba. Bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu, la pili linajaza tangi hilo hilo kwa saa sita. Yakifunguliwa yote pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi? Tulisoma, tukasoma tena. Mmoja akajumlisha akapata saa tisa. Mwalimu akamuuliza, "Mtu akiletewa msaidizi, kazi inakawia?" Mwingine akatafuta wastani. Mwalimu akasema kahawa zimekwisha.

Kulikuwa na msichana wa wafugaji, kwao ni upande wa Kimuli, alikuja kukaa kwa shangazi yake asome. Alikuwa haongei. Tulimtania kwamba ananuka maziwa, na yeye alitutania kimoyomoyo, ilionekana usoni. Mwalimu alipotoka ndani akamuuliza, "Wewe unaonaje?"

Akasema, "Mwalimu, mimi nashangaa nani ana mabomba mawili. Sisi hata moja hatuna."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Basi toa mabomba. Weka unachokijua."

Msichana akafikiri. Akasema kule kwao kuna hori la kunyweshea ng'ombe. Kaka yake akijaza peke yake kwa ndoo anamaliza kwa saa tatu. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ndoo yake ni ndogo, saa sita. "Sasa saa moja ikipita, kaka amejaza theluthi. Mimi nimejaza moja ya sita." Akachora hori kwenye mlango, akaligawa vipande sita, akapaka viwili vya kaka na kimoja chake. Vitatu. Akasimama anaangalia. "Ni nusu," akasema kwa sauti ndogo. "Saa moja, nusu. Saa mbili tumemaliza, tunaenda kula."

Nilimwangalia Mwalimu wakati ule. Alikuwa ameacha kutafuna. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeona gari alilokuwa analisubiri. Nikadhani anamfurahia msichana. Akamwambia arudie tangu mwanzo, halafu arudie tena, "kwa faida ya wale waliosinzia." Hakuna aliyekuwa amesinzia.

Sasa nifike kwenye kipimajoto.

Alikuwa nacho tangu akiwa kazini. Ni kile kirefu cha maabara, cha kioo, kinafika mia na kumi. Kilining'inia jikoni kwenye msumari, ndani ya soksi, kisivunjike. Kila kundi la darasa la sita likifika kwenye somo la joto, Mwalimu alibandika sufuria, akatuita tuzunguke. Maji yanaanza kutoa mvuke, yanapiga kelele, yanaruka. Anatumbukiza kipimajoto, anashika juu kwa kitambaa. "Someni."

Tunasoma: tisini na tano. Wakati mwingine chini yake kidogo.

"Kitabu kinasema nini?"

"Mia, Mwalimu."

"Basi. Kipimajoto hiki kimezeeka kama mimi. Ongezeni tano."

Tukaongeza tano. Watoto wote wa Kanoni waliopita kwenye ua ule wanajua hilo: maji yanachemka tisini na tano, ongeza tano, mia. Tuliimba hata tukienda kuchota maji. Mtoto mmoja alithubutu kusema, "Lakini Mwalimu umesema sayansi ni kuandika ulichokiona." Mwalimu akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Halafu akasema, "Kwenye daftari langu andika ulichokiona. Kwenye mtihani andika mia. Nataka ufaulu."

Halafu ikatokea ile ya mtoto wa jirani. Alikuwa mdogo, anatambaa, mama yake akamleta analia kwamba mwili ni wa moto. Ilikuwa wakati wa homuweki, tulikuwepo wote. Mwalimu akatoa kipimajoto kwenye soksi, akakiweka kwapani kwa mtoto, akasubiri. Akatuita tusome. Thelathini na saba na kidogo. Ungeona uso wake. Akasema polepole, "Ongeza tano."

Arobaini na mbili!

Mama akapiga ukunga. Mwalimu akavua kandambili ili akimbie vizuri, wewe Kaka ndiyo kwanza umeanza kuendesha pikipiki ya watu, ukawapakia, mama, mtoto na Mwalimu, mkaenda mnapiga honi mpaka zahanati. Sisi tulibaki tunasali. Jene alikuwa anauliza mtu akifika mia anachemka au vipi.

Ulituhadithia mwenyewe uliporudi. Kwamba muuguzi alimpima mtoto kwa kipimo chake, akamwangalia Mwalimu, akamwangalia mtoto, ambaye wakati huo alikuwa ameshika ndizi ya kuchoma anakula na nyingine anakudai wewe. Muuguzi akasema, "Mwalimu wangu, mtoto mwenye arobaini na mbili hagombanii ndizi." Ni meno tu yalikuwa yanaota. Muuguzi alicheka akashika meza.

Mwalimu alirudi kwa miguu. Tukamsubiri aseme kitu. Akakiangalia kile kipimajoto, akakifuta, akakirudisha kwenye soksi, akasema, "Hiki kwa watu kinasema kweli. Kinadanganya kwenye maji tu." Na sisi tukakubali. Unaona jinsi tulivyokuwa? Tukaandika hata hiyo.

Nilikuwa kidato cha tatu wakati mwalimu wetu wa Fizikia, shule ya kata, alipotaja kwa Kiingereza, akiwa anafuta ubao, kwamba ukipanda mahali pa juu maji yanachemka kabla ya mia. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtaa akiwa ndani ya basi. Mimi nilikaa nimeshika kalamu hewani. Sisi tuko juu. Karagwe yote iko juu, mgeni akija anaomba blanketi. Kipimajoto hakikuzeeka. Kilikuwa kinasema kweli kwa watu na kwa maji.

Sikumwambia. Nilidhani anajua! Nilidhani ni mtego wake mwingine, kwamba yuko pale miaka yote anasubiri mtoto mmoja arudi amwambie, na sikutaka kumpa raha hiyo, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka kutegwa. Ndiyo, na mimi nilikuwa namwita mchoyo, Kaka. Kimoyomoyo. Nilikuwa naamini ndani ya nyumba ile kuna sanduku limejaa majibu, na ameketi juu yake anatafuna kahawa.

Jana jioni nilikwenda kumuaga. Mama alinipa mkungu mdogo na karanga za safari, na maelekezo ya kusema kwamba kuhusu watoto nitafikiria. Mimi nilikuwa na yangu ya kusema, kwamba sitafikiria. Nimechoka, nina mtihani, atafutwe mwingine.

Nilimkuta jikoni anapapasa msumari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni nani?" Nikajitaja. Akasema, "Kaa. Habari za nyumbani?"

Nikajua mambo yamebadilika.

Nikajibu za nyumbani. Akauliza kama kahawa zimekauka. Akauliza Fizikia. Nikamwambia naichukia. Akacheka kidogo, akatoa kile kipimajoto kwenye soksi, akakigeuza mbele ya macho yake kama mtu anayetafuta uzi. "Sikioni hata mstari. Chukua. Watoto watakihitaji, ila wakumbushe kuongeza tano."

Nikakipokea, na hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nikasema, "Mwalimu, mpaka lini? Mimi siyo mtoto tena. Unajua kabisa kwamba kiko sawa."

"Nini kiko sawa?"

"Kipimajoto."

"Kiko sawa kivipi?"

Nikamwangalia usoni nione kama anatega. Yale macho hayakuwa yanatega kitu. Nikamweleza. Kwamba hewa ina uzito na inayakandamiza maji. Huku juu hewa ni nyepesi, haikandamizi sana, kwa hiyo maji hayangoji mia, yanachemka mapema. Mia ni ya watu wa pwani.

"Rudia," akasema. "Taratibu."

Nikarudia. Aliweka mkono juu ya kifuniko cha sufuria, anakikandamiza na kukiachia, anakikandamiza na kukiachia. Mara akasema, "Maharage."

"Maharage?"

"Binti yangu akija kutoka Mwanza anasema maharage ya huku hayaivi, yanamaliza kuni. Nikasema ni maringo ya mjini. Tumegombana miaka na miaka." Akatikisa kichwa. "Kumbe maji yenyewe hayana moto wa kutosha. Maskini, na hiki kidude nimekisingizia mbele ya watoto wa watu."

Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Kwa hiyo hukujua?"

"Ningejulia wapi? Mimi chuoni nilisomea Kiswahili na kuimba. Mwalimu wa hesabu alihama, mwalimu mkuu akaja na kitabu, akasema shika kwa muda, mpaka aje mwingine. Hajaja mpaka nimestaafu."

"Na majibu? Yale mabomba? Zile sehemu?"

"Nilikuwa nasoma swali pamoja nanyi. Mnaposoma mara ya pili na mimi ndiyo nasikia vizuri. Likinishinda naenda kuchukua kahawa, nakaa kitandani naomba Mungu mmoja wenu aone kabla sijarudi." Alisema kwa kuchoka tu, kama anataja bei ya chumvi. "Mara nyingi mlikuwa mnaona. Yule wa wafugaji aliniokoa siku ile. Mabomba yale yalinisumbua tangu nimeanza kazi."

Nilikuwa nimebeba hapana yangu mkononi na sikuona pa kuiweka.

Nilichopata kusema ni, "Mwanza ni chini kuliko huku. Ukichemsha kule itapanda. Haitafika mia, lakini itapanda."

Akageuza kichwa. "Itasema ngapi?"

"Sijui hasa."

"Hujui?" Na uso wake ukawa ule wa siku ya mabomba. Akanyoosha mkono. "Nirudishie."

"Si umesema nikichukue kwa ajili ya watoto?"

"Nirudishie. Mjukuu wangu anajua kusoma namba, ataniambia. Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, tunachemsha." Akakirudisha kwenye soksi, soksi kwenye kikapu, kikapu karibu na mguu wake, nisije nikakichukua. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Wale watoto watakuja Jumamosi. Sijawaambia naondoka. Nilisimama kuwaambia, nikasema someni swali." Akapapasa pindo la kanga. "Sikuombi. Una mtihani wako. Nakwambia tu kwamba watakuja."

Hiyo ndiyo habari yenyewe, Kaka. Ukiita hiyo uchoyo, nitakuuliza uchoyo wa nini.

Jioni hii pikipiki imerudi. Ulipokuwa unaifuta matope nilitoka nikakwambia nataka simu yako kesho asubuhi. Ukafurahi, ukasema, "Umeona sasa! Swali, picha, jibu."

"Siyo ya picha. Ni ya Mwalimu. Nitamtumia binti yake ujumbe, wakishachemsha atupigie."

"Na abiria wangu wakinipigia?"

"Utakuwepo. Utakaa na sisi uani."

"Mimi? Nikafanye nini kule, na ukubwa huu?"

"Ukaseme kumi na mbili nini."

Ukanirushia tambara la matope. Hukusema hapana.

Bado nimechoka. Kuandika hakujanipunguzia chochote, mgongo unauma pale pale, na Fizikia iko chini ya mto ilipokuwa. Lakini nimeshaamua. Kesho asubuhi nitaamka kabla ya Jene, nikachukue ufunguo wa ua kwa mchungaji, alikouacha Mwalimu, nifagie, nioshe ule mlango. Nitawasha moto jikoni nibandike maji, ingawa hatutakuwa na cha kuyapimia. Wakija nitawaambia Mwalimu yuko Mwanza, na kwamba hapa ilikuwa tisini na tano, na haikuwa kosa la kipimajoto. Kila mtoto ataandika kwenye mlango anachodhani kitasema kule, na mimi nitaandika changu, na wewe chako. Wakiniuliza jibu nitasema sijui. Tutakaa na maji yetu yanachemka, mpaka simu iite.